Gari likivuta upande, anza na upepo

Wafanyabiashara wengi wa mazao wana pikapu inayovuta kushoto, na wameizoea. Dereva hukaza mikono kwenye usukani, safari zinaendelea. Mazoea hayo ni hasara.

Barabara hulazwa kuelekea pembeni ili maji ya mvua yatoke, hivyo gari kusogea kushoto kidogo si ajabu. Likivuta sana, fedha ya alaimenti isitolewe kwanza. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, maana tairi lenye upepo mdogo hulivuta gari upande wake. Upepo ukiwa sawa, matairi ya mbele yabadilishane pande. Gari likigeuka na kuvuta kulia, ubovu ni wa tairi. Likivuta pale tu breki inapokanyagwa, breki za pande mbili hazishiki sawa. Hapo lisipakiwe hata gunia moja kabla fundi hajalifungua.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo alaimenti ifanywe, na isiahirishwe. Gharama yake ni ndogo kuliko tairi lililolika upande mmoja, na ndogo mno kuliko matenga ya nyanya yaliyomwagika mtaroni.