Refa akimtoa mwanao uwanjani, usimzomee

“Daktari, mbona kwenye televisheni mchezaji akigongwa kichwa hutoka kidogo kisha anarudi, lakini refa wa shule alimtoa mwanangu moja kwa moja?” Swali hili la wazazi wa vijana wanaocheza raga huja mara nyingi na hasira ndani yake. Ni vyema lijibiwe, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayomlinda mtoto.

Mtikisiko wa ubongo hutokea kichwa kinapogongwa, au mwili unapogongwa kwa nguvu hadi ubongo ukatikisika ndani ya fuvu. Wengi wanaoupata hawazimii, na hata picha za skani kwa kawaida hazionyeshi kasoro. Kwa hiyo refa hawezi kuuthibitisha akiwa uwanjani, wala haombwi kufanya hivyo. Sheria za World Rugby, shirikisho linalosimamia mchezo huu duniani, zinasema kwamba mchezaji anayeshukiwa tu kuwa na mtikisiko aondolewe mara moja na asirudi katika mechi hiyo. Refa anaweza kumtoa hata kama hakuna daktari wa kumshauri.

Anachotazama hata wewe unaweza kukiona ukiwa pembeni. Je, kijana amelala chini bila kusogea? Ameinuka akiyumba? Ameshika kichwa, macho yamepotea, au amekimbilia upande usio wake? Kisha huja maswali mepesi: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili, nani alifunga mwisho? Akikosa jibu moja, inatosha kumtoa. Akiyajibu yote huku dalili nyingine ipo, bado anatoka.

Sasa turudi kwenye televisheni. Katika mechi za kimataifa na ligi kubwa za kulipwa, mchezaji anayeshukiwa hutolewa kwa muda wa dakika 12. Daktari aliyefunzwa humpima kumbukumbu na usawa wa mwili, na majibu hulinganishwa na vipimo alivyofanyiwa akiwa mzima. Kuna pia video ya kurudia tukio. Hata huko, aliyezimia, aliyepata degedege au anayeyumba harudi kabisa.

Pamoja na vifaa hivyo vyote, makosa hutokea. Mwezi Februari 2015, mjini Cardiff, George North wa Wales aligongwa kichwa mara mbili katika mechi dhidi ya Uingereza na akaendelea kucheza. Baadaye World Rugby ilisema alipaswa kutolewa. Kama hilo liliwapita madaktari wenye kamera, refa wa shule mwenye filimbi peke yake atawezaje kumpima mtoto na kumrudisha? Dakika 12 hazimhusu mwanafunzi.

Kosa la kumwacha mtoto aendelee linaweza kugharimu uhai. Mwaka 2011, huko Ireland Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi ya shule, akaachwa aendelee, akaanguka dakika za mwisho na kufariki. Uchunguzi wa mahakama ulibaini kwamba ubongo uliokuwa tayari umejeruhiwa ulipata pigo jingine kabla ya kupona. Hali hiyo ni nadra, lakini ikitokea ubongo huvimba haraka mno, na wanaoathirika zaidi ni vijana.

Mtoto akitolewa, asiachwe peke yake kwa saa 24 za kwanza. Mkimbize hospitali akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, akiwa mgumu kuamka, au mkono ama mguu ukilegea. Akilalamika shingo, asisogezwe hadi wahudumu wafike.

Kisha apumzike siku moja au mbili, aendelee na shughuli nyepesi, na arudi darasani kabla ya kurudi mazoezini. Mechi isiwe kabla ya siku ya 21, awe hana dalili yoyote na awe ameruhusiwa na daktari. Kofia laini ya raga haizuii mtikisiko, kwa hiyo isiwe sababu ya kumharakisha.

Kuna nchi zinazowapa marefa nguvu zaidi. New Zealand ina kadi ya bluu: refa akiionyesha, mchezaji anatoka na jina lake linaandikwa, ili asije akacheza wiki inayofuata kimyakimya. Hapa kwetu kadi hiyo inaweza kuwa wewe mzazi. Kabla ya msimu kuanza, muulize mwalimu wa michezo nani hubeba kisanduku cha huduma ya kwanza na nani hupiga simu kwa mzazi. Mwanao akikuambia kichwa kinamuuma baada ya mechi, mpeleke hospitali na umwarifu kocha siku hiyohiyo, hata kama fainali ni Jumamosi.