Mlevi wa Jumamosi si mtu asiye na akili

Nyakasanza kila mtu anamjua: kijana wa moto ambaye tangu Jumatatu hadi Ijumaa hagusi chupa, lakini Jumamosi jioni anamaliza franga za juma zima kwenye nganda. Jamaa wanasema hana akili, kanisani wanasema ana pepo. Mimi nasema tuangalie kwanza ubongo wake.

Alkoli hufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Huko inafanya itoke dopamini, kemikali inayouambia ubongo: hiki ni kizuri, kirudie. Ubongo unakariri pia kila kilichokuwa karibu: muziki, harufu ya michopo, mlio wa kizibo kikifunguliwa. Ndiyo maana Jumamosi inayofuata, akipita tu mbele ya nganda, tamaa inawaka kabla hajaonja hata tone.

Wengi wanajitetea kwamba wao wanakunywa bia tu. Haya, tuhesabu. Chupa kubwa ya sentilita 72, yenye alkoli ya asilimia 5, ina gramu karibu 28. Marekani wanahesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 14, na mwanaume akimaliza vitano kwa saa mbili, au mwanamke vinne, amepita kiasi. Kwa hiyo chupa tatu zinatosha kuvuka mpaka. Kaikai sitaki hata kuihesabu, maana anayeiuza mwenyewe hajui nguvu yake.

Akizoea, kunakuja jambo baya zaidi. Pombe inatuliza ubongo, na ubongo unajibu kwa kuongeza mchemko wake. Pombe ikiisha mwilini, mchemko unabaki: wasiwasi, usingizi kukatika, mikono kutetemeka. Sasa anakunywa ili atulie, furaha haitafuti tena. Na katika mji huu ulioona vita vya 2003, katika jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, wenye wasiwasi wa kutuliza ni wengi.

Kwa hiyo kumfungia chumbani mtu aliyezoea kunywa kila siku, eti aache leo leo, ni hatari: anaweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Apelekwe kwa muganga. Dawa zipo. Naltreksoni, iliyokubaliwa Marekani kwa kazi hiyo tangu 1994, inapunguza utamu wa pombe kwenye ubongo.

Ninachoomba kwa wakubwa wa afya wa Ituri ni kidogo: muuguzi anapopima presha, amuulize mgonjwa pia anakunywa chupa ngapi, na siku gani. Bila kumcheka.