Handaki na Kijito

Mwaka jana nilijaliwa kuzuru Ightham Mote, jumba la kale la kikabaila huko Kent, Uingereza. Lilianza kujengwa katika karne ya 14, na handaki lenye maji limelizunguka pande zote. Nilivuka daraja la mawe, nikaingia uani, kisha nikatoka kutembea bustanini. Huko ndiko ulimi wangu uliponisuta.

Mimi ni katika wale wanaopenda Kiswahili kisichochanganywa. Lakini nilipotaka kumsimulia mwenzangu niliyoyaona, maneno yaliyonijia kwanza yalikuwa "handaki" na "bustani". Yote mawili asili yake ni Uajemi, nayo yametufikia kwa njia ya Kiarabu. Khandaq lilipopiga hodi kwetu lilivua kh, likavaa irabu mwishoni, likawa mwenyeji. Nani leo atalifukuza? Hata moat la Waingereza limetoka Kifaransa cha kale, ambako lilikuwa na maana ya kilima cha udongo. Kilima kimegeuka shimo, na lugha haikufa.

Jumba lenyewe ni vivyo hivyo. Ukumbi wake ni wa karne ya 14. Dari ya kanisa lake ilipakwa rangi zama za akina Tudor. Sebuleni mna karatasi za ukutani zilizochorwa kwa mkono Uchina. Aliyelinunua mwaka 1953 na kulinusuru lisichakae ni Mmarekani, Charles Henry Robinson. Na bado hakuna asemaye kuwa jumba hilo si la Kiingereza.

Nasema haya kwa kuwa nina deni. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea tarbia yake niipitie. Vina vilipatana, mizani ilitimia, na maudhui yalikuwa mapya. Mimi nikaona neno moja tu: "kompyuta". Nikamwamuru aling'oe, aweke "tarakilishi". Mizani ikavunjika, na kijana hakuniletea shairi tena.

Sisemi tufukie handaki. Vina na mizani ni mipaka yetu, na mshairi atakaye kuandika tarbia hana budi kuiheshimu. Wala sisemi kila neno lipokewe ovyo. Neno geni na lijifunze kwanza kutamkika kinywani mwetu na kukaa katika mizani yetu. Ila nilipokuwa pale ukingoni niliona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: handaki lile hulishwa na kijito. Maji mapya huingia, ya zamani hutoka. Lau kijito kingezibwa, handaki lingebaki, lakini lingekuwa dimbwi lenye uvundo.

Malenga wenzangu, tulinde kingo zetu, lakini tusizibe kijito. Nawe kijana, ukiyasoma haya, niwie radhi. Lirejeshe neno lako mahali pake, uniletee shairi.