Eldoret Haihitaji Bustani ya Angani, Ina Mto

Tangu Eldoret itunukiwe hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, ikawa ya tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, kila mwenye ulimi ameibuka na ndoto yake kuhusu sura ya jiji hili. Wapo wanaotaka maghorofa, wapo wanaotaka barabara zipande juu ya barabara. Ndoto iliyonifikia darasani ilikuwa ya aina nyingine. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea picha ya bustani ya High Line huko New York, iliyooteshwa juu ya reli kuukuu, hewani, katikati ya majengo, akataka nimpe jina la kitu hicho kwa Kiswahili. Kisha akauliza ni lini Eldoret itapata ya kwake.

Swali la kwanza ndilo la kazi yangu, na lina mafunzo. Neno bustani lilitoka Uajemi, likapitia kwa Waarabu, na asili yake ni mahali pa harufu nzuri. Sisi tumelitumia zaidi kwa kiunga chenye mwenyewe: bustani ya maua mbele ya nyumba, bustani ya mboga nyuma ya jiko. Ile ya umma, isiyo na mwenyewe na ambayo kila mtu ni mwenyewe, hatukuipa jina lililokaa. Ndiyo maana utasoma magazetini "bustani ya Uhuru Park", maneno mawili yanayotaja kitu kimoja, kana kwamba hatuna hakika la kwetu linatosha. Na kitenzi kupaki, tulichokikopa kutokana na neno lilo hilo la Kiingereza, tumekiachia magari. Kisicho na jina aghalabu hukosa mtetezi.

Swali la pili ni zito zaidi, na sharti tuanze kwa kutazama bustani hizi za juu zilitokana na nini. Paris ndiyo iliyotangulia. Njia ya reli iliyofungwa mwaka 1969 ilipandwa miti na maua, ikafunguliwa kwa watembeao kwa miguu mwaka 1993, na chini ya matao yake mafundi wakapewa karakana. New York ilifuata. Reli yake ya juu ilijengwa katika miaka ya 1930, treni ya mwisho ikapita mwaka 1980, na sehemu ya kwanza ya bustani ikafunguliwa mwaka 2009. Miji hii miwili ilikuwa na maiti ya chuma na mawe juu ya vichwa vya watu, tena haikuwa na ardhi tupu chini. Ikaamua kumvisha maiti majani.

Sisi hatuna maiti wa namna hiyo. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 imelazwa ardhini, na bado inatakiwa kubeba mizigo kuelekea Malaba. Kujenga daraja jipya ili tu tulipakie udongo ni anasa ya ajabu. Udongo uliolowa, wenye kina cha mita moja, huweza kukaribia uzito wa tani mbili kwa kila mita ya mraba, na juu yake uongeze mti, watu na mvua yetu ya Agosti. Halafu kuna ngazi. Nyanya aliyetoka kliniki na magoti yake, na mwanafunzi aliye kwenye kiti cha magurudumu, watategemea lifti, nanyi walimu wenzangu mnajua lifti za majengo yetu ya umma hufanya kazi siku ngapi kwa mwaka. Isitoshe, jiji hili limekaa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Tumekwisha kupanda vya kutosha.

Lipo pia suala la nani hufaidi. Baada ya High Line kufunguliwa, bei za nyumba za kandokando yake zilipaa, na mwaka 2017 Robert Hammond, mmoja wa waasisi wawili wa mradi, alikiri hadharani kwamba hawakufaulu kuwahudumia wakazi wa nyumba za serikali zilizo jirani. Mgeni alipata mahali pa kupigia picha, mwenyeji akapata kodi asiyoimudu.

Mfano unaotufaa zaidi uko Seoul, Korea Kusini. Huko palikuwa na barabara ya juu iliyojengwa mahali ambapo kijito cha Cheonggyecheon kilikuwa kimefunikwa kwa saruji. Kuanzia mwaka 2003 barabara hiyo ilibomolewa, saruji ikaondolewa, na mwaka 2005 wenyeji wakapata takriban kilomita sita za maji na njia za miguu katikati ya mji. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maji yale husukumwa kwa pampu. Sosiani haihitaji pampu.

Kenya nasi tumekwisha kujenga kitu cha juu, nacho ni barabara ya Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumiwa mwaka 2022. Miti mingi ya kandokando ilikatwa. Mpango wa mwanzo ungemega hata Uhuru Park, na ni kelele za wananchi mwaka 2019 zilizofanya wakuu warudi nyuma. Bustani hiyo hiyo ilikuwa imenusurika mwaka 1989, wakati marehemu Profesa Wangari Maathai alipopinga kujengwa humo jumba la ghorofa 60. Alitukanwa bungeni na nje ya bunge, ila jumba halikujengwa. Mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ilionyesha jinsi ardhi ya umma, zikiwemo bustani za miji, ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Nayataja haya kwa sababu viwanja vyetu havikutoweka kwa kukosa wahandisi wa kuvipandisha juu. Vilichukuliwa vikiwa chini, mchana, kwa hati na mihuri.

Sasa tazama jiji letu. Wazee walilijua kwa nambari ya shamba, 64, ambayo ulimi wa Kikalenjin uliifanya Sisibo. Jina Eldoret lenyewe hutajwa kuwa la Kimaasai, eldore, mto wenye mawe, likaongezwa kiambishi cha Kinandi -et mwishoni. Basi mji uliitwa kwa mto, kisha ukaupa mto mgongo. Anayevuka daraja la Sosiani huona nyuma za majengo, magari yanayooshwa na taka zilizotupwa na mkono usioonekana. Kutembea kandokando ya maji kwa utulivu, kitabu mkononi, ni bahati ya hatua chache tu kabla ya kukutana na ua la mabati.

Sheria haijanyamaza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma, na kanuni za mazingira za mwaka 2006 zinakataza ujenzi na kilimo kandokando ya mto kwa upana usiopungua mita 6 wala kuzidi 30, ukipimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko. Chukua hata zile mita sita peke yake, kila upande, kutoka mwanzo wa jiji hadi mwisho wake. Tayari unayo njia ndefu ya miguu, isiyodai nguzo hata moja. Itadai polisi, mapipa ya taka, taa, vyoo, na diwani asiyeogopa jirani yake mwenye ua la mabati.

Walimu wa jiografia wanaweza kuanza muhula huu. Wapelekeni wanafunzi mtoni na kamba ya kupimia, waandike ni wapi mita sita zipo na ni wapi zimemezwa, na na nini. Walimu wa Kiswahili wawasaidie kuandika ripoti kwa lugha sanifu. Kisha ripoti hiyo ipelekwe kwenye vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, ambavyo Katiba inataka vifanywe, na ambavyo aghalabu huhudhuriwa na watu wachache wenye haja zao.