Usimzike Mtu Wikipedia Kabla ya Ndugu Zake

Wanachuo wenzangu, tetesi ikivuma WhatsApp kwamba mzee fulani maarufu amefariki, kabla familia haijasema neno utakuta mtu ameshafungua ukurasa wake Wikipedia na kubadilisha "ni" kuwa "alikuwa". Halafu anapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye grupu la darasa: "Nimekuwa wa kwanza!" Wa kwanza wa nini, sasa?

Nahariri Wikipedia ya Kiswahili tangu mwaka wa kwanza, na utetezi ninaousikia kila mara ni "si itarekebishwa tu". Ni kweli, mara nyingi hurekebishwa. Tarehe 20 Januari 2009, siku Obama alipoapishwa, Seneta Ted Kennedy alianguka wakati wa chakula cha mchana, na Wikipedia ikamtangaza marehemu. Ilisahihishwa upesi, mwenyewe alifariki Agosti mwaka huo. Lakini Wikipedia ya Kiingereza ina macho mengi. Ya kwetu wahariri ni wachache, na kosa linaweza kulala pale wiki nzima huku watu wanalinakili kwenye asaimenti.

Tena hata kufutwa upesi hakutoshi. Machi 2009 alifariki Maurice Jarre, Mfaransa aliyetunga muziki wa filamu ya Lawrence of Arabia. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu Dublin, kwa makusudi ya kuwapima waandishi wa habari, akabandika kwenye ukurasa wa marehemu maneno mazuri ya kubuni, eti Jarre ndiye aliyeyasema. Wahariri wa kujitolea waliyafuta zaidi ya mara moja, kwa kuwa hayakuwa na chanzo. Wamechelewa! Magazeti yalikuwa yameshayachukua, The Guardian likiwemo, na hakuna aliyeshtuka mpaka mwanafunzi mwenyewe alipowaandikia wiki kadhaa baadaye. Fikiria asingesema. Leo mtu angeyarudisha maneno yale Wikipedia na kuweka gazeti kama chanzo, na wewe ungekosa pa kuanzia kubisha.

Vyeo navyo vina haraka zake. Kenya, Agosti 2022, William Ruto alitangazwa mshindi tarehe 15, Mahakama ya Juu ikatoa hukumu Septemba 5, akaapishwa Septemba 13. Kwa karibu mwezi mzima rais alikuwa bado Uhuru Kenyatta. Anayeandika "Rais wa Kenya" mbele ya jina la Ruto usiku wa Agosti 15 ameandika uongo, hata kama baadaye umekuja kuwa kweli.

Sasa, upande wa pili nao tuseme. Sisi tunaojiita wazoefu tuna midomo michafu. Dada mmoja wa mwaka wa pili aliongeza sentensi isiyo na chanzo kuhusu mchezaji wa mpira. Mhariri mmoja akaifuta na kumwita mhuni. Hajarudi mpaka leo. Jamani, kuna kisanduku cha muhtasari kabla ya kuhifadhi: andika pale "haina chanzo, tafadhali leta". Akirudisha, nenda ukurasa wa majadiliano mzungumze. Msivutane kamba, Wikipedia ya Kiingereza ukitengua kazi za wengine zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja unaweza kufungiwa, hata kama hoja yako ni sahihi. Na mgeni tumchukulie kuwa amekuja kwa nia njema. Mtu anayetumia bando lake mwenyewe kuandika Kiswahili bure si wa kufukuzwa.

Ila tetesi za kifo, hapo sina huruma: nafuta kwanza, majadiliano baadaye. Yule mzee ana watoto, na mmoja wao anaweza kuwa hapahapa chuoni anasoma ukurasa ule maktaba. Tangazo la familia likija, kubadilisha "ni" kuwa "alikuwa" ni kazi ya sekunde tano. Kwani matokeo ya UE si tunayasubiri wiki kibao, na tunaishi?