Meza yako ya jangwa ni pwani bila bahari

Wasee wa vita vya mezani, leo mtanichukia, na iwe hivyo. Nimechoka na hizi meza za "jangwani". Ubao, gundi, mchanga wa njano, mitende miwili ya plastiki, basi. Vifaru vya Rommel huku, vya Waingereza kule, mnarusha dadu. Hiyo si Afrika Kaskazini ya 1942.

Sehemu kubwa ya jangwa walilopigania Libya na Misri ni mawe na changarawe ngumu. Bahari ya mchanga iko kusini zaidi, mbali na vita vikubwa vya vifaru. Halafu ardhi ina migongo. Ruweisat, karibu na El Alamein, ni mwinuko mdogo tu, lakini Julai 1942 watu walikufa wakiugombania. Mbona? Kwenye tambarare, aliyeko juu mita chache ndiye anaona. Wewe meza yako haina hata mkunjo, kisha unalia eti mizinga inamaliza mchezo raundi ya pili!

Na usiniambie pesa. Panga kadibodi za maboksi moja juu ya nyingine, paka gundi ya mbao, mwagia changarawe ya mjengo uliyochuja. Piga rangi ya kahawia, kisha pitisha juu ya mawe brashi karibu kavu yenye rangi ya krimu. Mwinuko wa sentimita tatu unaficha kifaru cha 1/100.

Lakini kinachoniuma zaidi ni huo utupu. Bir Hakeim, walikopigana Wafaransa 1942, jina lenyewe linaanza na "bir", yaani kisima. Kisima huchimbwa na watu. Mabedui walikuwepo na mifugo yao, na mabomu yaliyofukiwa ardhini yaliendelea kuwalemaza miaka mingi baada ya vita. Meza yako imewafuta.

Sisi Wakenya hii lugha tunaijua. Ni ile ile ya "huko Wajir hakuna kitu". Na 1941 majeshi yalitoka Kenya, KAR wakiwemo, yakapita kaskazini hiyo hiyo hadi Kismayu na Mogadishu. Vichaka vya miiba, laga kavu, visima. Ni nani hapa amewahi kuijenga hiyo?

Weka kisima, weka mahema, weka mbuzi. Na waandikie sheria: kifaru kikipita juu ya kisima, mwenyewe anapoteza pointi. Anayebisha aje kwa komenti na picha ya meza yake.