Gari Likiwa Juu ya Jeki, Mama Usinyamaze

Mwezi huu tumeona tuziweke kando kidogo habari za lishe na chanjo, tuzungumze juu ya jambo linalofanyika hapo uani kwetu siku za Jumamosi, wakati sisi tuko jikoni na baba yuko chini ya gari. Huenda ukasema, "Mambo ya jeki na spana yananihusu nini mimi?" Nasi tulisema hivyo hivyo kwa miaka mingi. Tulikuwa tumekosea, na nusura kosa hilo litugharimu sana.

Ilikuwa Jumamosi ya masika. Gari letu ni Noah, kama yalivyo magari ya familia nyingi hapa Tanzania, maana linabeba watoto, bibi, magunia ya sokoni na nusu ya kwaya. Ekzosi ilikuwa imelegea na inapiga kelele. Baba watoto akaamua kuikaza mwenyewe, asije akatoa fedha kwa fundi kwa kazi ya nusu saa. Akachukua jeki ndogo iliyokuja na gari, na kwa kuwa udongo wa uani ulikuwa laini kwa mvua, akaweka tofali la saruji chini ya jeki. Gari likainuka, akatandika mkeka, akaingia chini.

Tulimwona kwa dirisha la jikoni, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. Moyoni tukajiuliza, "Hivi lile tofali litahimili?" Lakini tukanyamaza. Tulijiambia kwamba gari ni kazi ya baba, naye hapendi kufundishwa mbele ya mtoto. Chai ilipoiva tukamwita. Alitoka, akanawa mikono, na hata hajakaa sawasawa kitini tukasikia kishindo. Tofali lilikuwa limepasuka vipande, jeki imelala ubavu, na gari limerudi chini. Nafasi iliyobaki kati ya chuma na ule mkeka haikufika shubiri moja. Kifua cha mwanamume mzima hakienei humo. Na kijana wetu wa miaka 9 alikuwa amesimama pale pale, spana mkononi, akimsubiri baba yake arudi.

Siku ile hatukunywa chai. Tulikaa kimya, kisha tukaomba. Tangu hapo tumeweka utaratibu nyumbani kwetu, nao ndio tunaotaka kuwashirikisha leo.

KWA NINI GARI HUANGUKA

Noah tupu ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Jeki ndogo inayokuja na gari imetengenezwa kwa kazi moja tu: kuinua kona moja ili kubadilisha tairi, wakati mtu yuko nje, amechuchumaa kando. Haikutengenezwa kumlinda mtu aliyelala chini. Kitako chake ni chembamba, hivyo huzama kwenye udongo au mchanga, na gari likisogea hata kidogo tu huinama na kulala.

Jeki ya mafuta nayo, ile ya chupa au ya magurudumu, ina nguvu zaidi, lakini mpira mdogo ulio ndani yake ukichakaa, mafuta hupenya na gari hushuka. Kwa hiyo shikeni neno hili: jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Kinachoshikilia gari ni stendi za chuma, zinazouzwa mbili mbili kwenye maduka ya vipuri, zikiwa zimeandikwa uzito zinaoweza kubeba.

Na tofali je? Tofali la saruji hubeba nyumba kwa sababu ukutani uzito umesambaa juu yake lote. Uzito ukija mahali pamoja, kama kitako cha jeki, hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Tofali lisitumike kabisa, wala chini ya jeki wala chini ya gari.

UTARATIBU WA KUFUATA

1. Mahali. Gari lisimame pahali tambarare na pagumu. Kama ni udongo, wekeni chini ya jeki ubao mnene na mpana wa mbao ngumu. Kwenye mteremko kazi isifanyike, hata kama mteremko ni mdogo.

2. Watu na watoto. Wote washuke, milango ifungwe, injini izimwe na ufunguo utolewe. Mlango wa Noah unaoteleza ukivutwa kwa nguvu hulitikisa gari zima. Watoto wakae mbali. Kijana anayependa kujifunza asimame mahali ambapo gari likianguka halimfikii.

3. Kuzuia magurudumu. Vuteni breki ya mkono, na gia iwe kwenye P, au namba moja kwa gari la gia za mkono. Lakini hiyo haitoshi. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu, na P huzuia yale yanayosukuma gari. Noah nyingi za mwaka 1996 hadi 2001 husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma yote ya gari kama hilo, breki ya mkono na P vyote havina tena kitu cha kushika ardhini, na gari laweza kubingirika. Basi wekeni mawe makubwa au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Ukiinua mbele zuia ya nyuma, ukiinua nyuma zuia ya mbele.

4. Nati. Kama tairi litatolewa, legezeni nati kidogo wakati gari bado liko chini. Kuzivuta kwa nguvu likiwa juu ndiko kunakolisukuma gari kutoka kwenye jeki.

5. Pa kuweka jeki. Chini ya milango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, kuna sehemu za ukingo zilizoimarishwa kwa ajili ya jeki. Kitabu cha gari huzionyesha. Jeki ikiwekwa kwenye bati la kawaida hulikunja au hulitoboa, na gari hushuka.

6. Stendi. Inueni kidogo kidogo, si zaidi ya inavyohitajika. Wekeni stendi chini ya sehemu imara, kisha shusheni jeki taratibu mpaka uzito ukae juu ya stendi. Wasio na stendi waweza kupanga magogo mapana ya mbao ngumu, yakipishana kama kuni zinavyopangwa. Kama hakuna stendi wala magogo, basi mtu asiingie chini. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa.

7. Akiba ya pili. Tairi la akiba, au lile lililotolewa, lilazwe chini ya ubavu wa gari. Likianguka, tairi litaacha nafasi, na nafasi hiyo huenda ikawa uhai wa mtu.

8. Kulijaribu. Kabla ya kuingia chini, gari lisukumwe kwa mkono ubavuni. Likicheza, literemshwe na kazi ianze upya.

9. Asiwe peke yake. Mtu mzima mmoja awe karibu anayeweza kusikia sauti, na simu iwe mkononi mwake. Injini isiwashwe gari likiwa juu ya jeki.

Wewe mama unayeendesha, kubadilisha tairi waweza mwenyewe, wala huhitaji kuingia chini kabisa. Funga kanga vizuri isining'inie, weka pembeni pete na mkufu. Ukirudisha tairi, kaza nati kwa kupishanisha, si kwa kufuatana, na umalizie kuzikaza gari likiwa chini. Zikague tena baada ya kutembea kilometa 50 hadi 100.

NAMNA YA KUZUNGUMZA NA BABA

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Akina mama wengi tunaona hatari lakini tunaogopa kuonekana wajuaji. Tumejifunza kwamba wakati wa kuzungumza si pale amekwisha kulala chini ya gari, jasho likimtoka na mtoto akisikiliza. Zungumza mapema, mkiwa wawili, kwa upole. Usimwambie "hujui." Mwambie, "Baba, sisi bado tunakuhitaji." Mume wetu aliposikia maneno hayo hakubisha. Jumatatu alikwenda dukani, akarudi na stendi mbili. Siku hizi yeye ndiye anayewakemea vijana wa jirani.

Lakini hatari ikiwa mbele ya macho, usingoje upole. Mwite atoke. Afadhali akasirike jioni moja.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza Israeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Tunaona hapo kwamba Mungu hakuwaambia waombe tu. Kuzuia ajali nyumbani ni sehemu ya utii wetu. Stendi mbili za chuma ni ukingo wa dari yetu ya leo.

AJALI IKITOKEA

Kama wauguzi tunawasihi mjue mambo haya kabla hayajahitajika.

Piga kelele watu waje, na mmoja apige simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wewe usijitupe chini ya gari, tusije tukapoteza wawili. Gari likikandamiza kifua, mtu hawezi kuvuta pumzi, na zimebaki dakika chache tu. Msingoje. Liinueni kwa jeki nyingine, au kwa mikono ya watu wengi kwa pamoja, huku mmoja akisukuma magogo au tairi chini ya gari kadiri linavyoinuka, lisirudi.

Gari likishikiliwa vizuri, msimkunje wala kumvuta ovyo, maana huenda uti wa mgongo umeumia. Ikibidi kumtoa, kichwa, shingo na kiwiliwili vitoke pamoja kwa mstari mmoja. Damu ikitoka, kandamizeni kwa kanga safi bila kuachia. Msimpe chakula wala maji, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Asipopumua, anzeni kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Na hili wengi hawalijui: mtu aliyebanwa mguu au paja kwa muda anaweza kutoka akizungumza na kusema hajambo, kisha akazidiwa baadaye. Misuli iliyopondwa huachia sumu kwenye damu, zikaenda kwenye moyo na figo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu, ni dalili mbaya. Kwa hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama anatembea, na mganga aambiwe alibanwa kwa muda gani.

Mpendwa, mwezi huu fanya jambo moja. Fungua nyuma ya gari lenu uone kuna jeki ya namna gani, kisha umuulize baba watoto, kwa upendo, stendi ziko wapi. Kama hazipo, ziingie kwenye bajeti ya nyumba pamoja na unga na ada za shule. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, nasi tuliokaa miaka mingi wodini tunaliamini neno hilo.

Bwana azilinde nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.